Vifaranga wa Sefu

Kuku alikufa siku ileile vifaranga walipoanguliwa, na Sefu akageuka mama yao. Aliwawekea boksi karibu na jiko la mkaa, akalifunika kwa kanga ya mkewe, ile aliyomletea siku ya posa.

"Kanga yangu hiyo," Mwantumu alisema.

"Wataona baridi, mke wangu."

Sefu akawatoa ndani ya boksi, akawaweka sakafuni, akagonga sinia kwa ukucha kama kuku anayedonoa. "Njooni, njooni mle," akawabembeleza. Mwantumu aliacha kukata mchicha. Sauti ile aliijua. Alidhani mumewe aliipoteza zamani.

Sefu alipowarudisha ndani ya boksi na kutoka kwenda kununua chenga za mchele, Mwantumu aliivuta kanga yake akajifunga. Vifaranga wakaanza kulia. Alijikaza, akakata mchicha wote, nao wakazidi kulia.

Hatimaye akalilaza boksi, akachuchumaa, akagonga sinia. Hakuna aliyesogea. Akagonga tena, na safari hii akaita kwa sauti ya mumewe, kama alivyoikumbuka kutoka enzi za uchumba. "Njooni, njooni mle."

Wakaja mbio wote, wakamparamia miguu, wakajipenyeza chini ya pindo la kanga.

Sefu alirudi akasimama mlangoni na mfuko wake wa chenga. Alitazama kwa muda. Kisha akagonga mlango kwa ukucha, akaita. Hakuna kifaranga aliyegeuka.

"Hao ni wangu, Mwantumu," alisema taratibu.

Mwantumu hakuinua uso. Aliendelea kugonga sinia.