Sahani ya Kombe

Sahani ilivunjika Ijumaa, saa nne asubuhi, na wote waliokuwepo walikubaliana juu ya jambo moja: Rebecca hakuteleza. Aliipokonya mikononi mwa Jokha, akaiinua juu ya kichwa, akaibwaga kwenye marumaru.

Kisha akavikanyaga vipande kwa kiatu. Hilo ndilo lililomtoa machozi Bi Mwatima, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima pale mtaani Al Garhoud haikuwahi kumwona akilia.

Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe tupu, na mgongoni ina alama ya nyota ndogo. Bibi yake Bi Mwatima alikuja nayo kutoka Unguja, na haikupakuliwa chakula hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kombe. Kila Alhamisi jioni Bi Mwatima aliandika aya humo kwa zafarani, akaziosha kwa maji ya waridi, akakamulia ndimu kwa sababu bibi yake naye alikamulia ndimu, akayaacha maji yalale humo mpaka asubuhi. Aliyetaka mtoto alikunywa. Bi Mwatima mwenyewe alikunywa akampata Yaqoub, mmoja aliyebaki kati ya mimba saba. Rebecca, mke wa Yaqoub, alikunywa kila Ijumaa kwa miaka sita. Mimba tatu ziliingia, mimba tatu zikatoka.

"Kombe halina kosa," Bi Mwatima alizoea kusema, hasa wageni wakiwepo. "Tumbo ndilo lenye kosa."

Rebecca, Mkenya wa Nakuru, alijifunza kunyamaza. Alijifungia chumbani na kazi yake ya kutafsiri. Wiki hiyo alikuwa na maisha ya Elias Thorley, mfinyanzi Mwingereza wa karne ya kumi na nane, kwa ajili ya kijitabu cha maonyesho ya vyombo vya kale. Thorley alikuwa mtu wa hasira. Aliwachapa wanafunzi wake, akapelekana mahakamani na ndugu zake wa damu, akapoteza miaka kumi na mmoja akitafuta weupe ambao hakuna mfinyanzi mwingine aliyeupata. Alipoupata, akaanza kugandamiza nyota mgongoni mwa kila sahani ili dunia ijue ni ya nani. Rebecca alimpenda kidogo. Angalau yeye alikuwa mkali kwa watu wote sawasawa.

Jumatano, Yaqoub alirudi kutoka Maskati na mke wa pili. Jokha, binti wa mjomba wake, miaka ishirini na miwili, mimba ya miezi minne. Hakuna aliyekuwa amemwambia Rebecca hata kwamba kulikuwa na posa.

"Utamzoea," alisema Yaqoub, macho kwenye simu.

"Ijumaa ataanza kombe," alisema Bi Mwatima. "Wewe tumekupa miaka sita, bibi. Umetuonyesha nini?"

Rebecca alimchukia mama yule. Alimchukia Yaqoub zaidi. Na Jokha, aliyekuwa akijishika tumbo hata anapoomba chumvi, alimchukia kuliko wote, wala hakuona haya. Ijumaa asubuhi alikaa kufanya kazi kwa sababu kazi haikumtukana. Alimaliza aya ya mwisho ya maisha ya Thorley, akaituma kwa mhariri, akairudia kuisoma. Kisha akatoka chumbani mbio.

Sebuleni Jokha alikuwa ameketi kwenye zulia, sahani mikononi, Yaqoub ubavuni mwake.

"Usinywe," alisema Rebecca. "Kuna risasi."

Yaqoub akasimama.

"Umemsikia?" Bi Mwatima akamgeukia mwanawe. "Anamtishia mwenzake kwa risasi. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya maneno ya Mungu."

"Mama, ngoja, nisikize kidogo tu. Hiyo sahani ndiyo..."

"Hasidi mkubwa we. Kunywa, mwanangu, usimuogope."

Jokha akaisogeza sahani mdomoni. Hapo ndipo Rebecca alipoipokonya.

Talaka ilitamkwa kabla maji hayajakauka kwenye marumaru.

"Kumuonea wivu mtoto ambaye hata hajazaliwa," alisema Yaqoub. "Khalas, Rebecca. Nimekuacha."

Bi Mwatima alilisukuma sanduku la Rebecca mpaka mlangoni kwa mguu. Jokha, mkono tumboni, alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Mungu atakulipa, dada." Hakumaanisha thawabu.

Alasiri, kwenye kochi la rafiki yake Wangari huko Jumeirah Village Circle, Rebecca alifungua kompyuta. Tafsiri ilikuwa imerudi. Mhariri alikuwa ameridhika na yote isipokuwa neno moja katika aya ya mwisho, akalipigia mstari mwekundu:

"Siri ya weupe wa Thorley ilikuwa *risasi*, aliyoisaga na kuipaka juu ya kila sahani. Ilimuua yeye mwenyewe, na hata leo kitu chochote kichachu kikilala ndani ya sahani zile huinyonya. Wanawake waliozichovya kiwandani walishika mimba kama wanawake wengine. Hawakuzaa."

Pembeni mhariri alikuwa ameandika: "Tafuta neno jingine. Wasomaji watadhani ni ya bunduki."

Rebecca akajibu: "Ndivyo walivyodhani."