Ahadi za Nyumbani kwa Dakta Nakiete

Siku hizi mhadhiri wa sheria hachapishi hoja yake mpaka aishi nayo mwaka mzima nyumbani kwake, mwanafunzi akiwa shahidi. Dakta Nakiete aliandika kwamba kila ahadi ya mdomo iwe mkataba. Shahidi wake, Lukelo wa mwaka wa tatu, alikuwa mezani tena asubuhi hiyo, akila chapati zao na kusikiliza.

"Baba Namsifu, utapitia sokoni?" Nakiete alimuuliza mumewe.

"Huenda."

"Utapitia au hupitii? Nimechoka na huenda zako."

"Juzi nilisema nitatengeneza bomba, nikahukumiwa mbele ya darasa lako zima. Mimi siahidi kitu tena."

Lukelo aliinamia chai yake. Kesi ile, aliyoiwasilisha yeye kama shahidi, ilimpatia alama nzuri.

Nakiete alitamani kumfukuza kijana huyo na kuichana makala ya hoja yake, lakini bila makala asingepata uprofesa.

Namsifu, binti yao wa darasa la kwanza, alimvuta mkono. "Mama, leo utakuja kunichukua shuleni?"

Lukelo aliacha kutafuna. Nakiete akakumbuka kikao cha mchana.

"Vaa viatu, mwanangu," alisema.

Mtoto alimtazama baba yake, kisha akaenda kuvaa viatu. Hakuuliza tena.