Nyuma ya Mlima

Mwalimu Mwanaidi alikuwa amewafinyangia watoto wa darasa la kwanza mji wao kwa udongo katikati ya uwanja wa shule: mlima upande wa kaskazini, bonde, kisha tambarare. Kila mtoto aliweka kokoto mahali penye nyumba yao. Akabaki Tunu, mgeni wa wiki ile, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike.

"Mwalimu, kwao ni nyuma ya mlima," Shomari alisema. "Na hapo hakuna kitu."

Kweli, udongo wa mwalimu uliishia mlimani. Mwanaidi aliona haya. Alitaka kumwambia Tunu aweke kokoto yake popote tu, lakini mtoto alikuwa ameshauzunguka mlima, akapiga magoti na kuanza kuchimba mfereji kwa kidole.

"Huu ni mto," alisema polepole.

Mwalimu akachuchumaa kando yake, furaha imemjaa. "Unaelekea wapi, mwanangu?"

"Mbali."

Wenzake wakakimbilia udongo, wakachuchumaa kuufinyanga upande ule wa nyuma ya mlima. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka. Shomari alileta kopo la maji akamimina, na mto wa Tunu ukateremka, ukaukata uwanja kuelekea getini.