Uzi wa Dibakar

Artatrana alipita chini ya bendera thelathini za uhuru kabla hajafika mlangoni kwa Sulochana, na kila aliyekutana naye alimuuliza swali lile lile: "Dibakar yuko wapi? Anafika lini?"

"Yuko nyuma," alijibu. Miaka mitano ya kudanganya, ulimi ulikwisha kuzoea.

Dibakar Meher, mfumaji na mwenyekiti wa chama cha wapigania uhuru, ndiye aliyeifanya wilaya nzima igome kulipa kodi ya Waingereza. Homa ilimuua msituni alikojificha, mwaka arobaini na mbili, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Artatrana. Kabla ya kukata roho aliacha amri moja: "Asijue mtu mpaka wazungu waondoke. Watu wakisikia nimekufa watakata tamaa. Hata mke wangu Sulochana asijue."

Ilikuwa amri ya kikatili, lakini alijua alilosema. Kwao mwanamke akifiwa na mume huvunja bangili zake za kioo, hufuta rangi nyekundu utosini, huvaa nguo nyeupe isiyo na pindo, na samaki haonji tena maishani. Sulochana angevunja bangili asubuhi, na kufikia jioni wilaya nzima ingekuwa na habari.

Basi kila mwezi Artatrana, mtoto wa karani, alisokota pamba mwenyewe na kumpelekea Sulochana fungu la uzi kwa siri. "Mumeo anakusalimu, uzi huu kausokota yeye." Wapigania uhuru wote walisokota ili kugomea nguo za Waingereza, nani angeshuku?

Leo bendera ya Waingereza imeshushwa. Leo hapakuwa na pa kujificha.

Sulochana alifungua mlango, bangili zikilia mikononi. Nyekundu ya utosini ilikuwa mbichi, ya asubuhi ile.

"Shemeji! Mbona umekonda hivyo? Huko msituni mlikuwa mkigombania majani na mbuzi?"

"Mbuzi walituwahi, shemeji."

Alicheka, akampakulia wali kilima kizima na samaki wa haradali. Yeye mwenyewe alikaa pembeni na ndizi mbichi za kuchemsha, hata chumvi hazina.

"Na wewe samaki huli?"

"Nina mfungo. Kula, anapoa."

Anafunga ili mumewe arudi salama, Artatrana aliwaza, na tonge akalirudisha sahanini. Nje ngoma zilianza. Watu walikuwa wakiliita jina la Dibakar. Alisukuma sahani, akamshika miguu mwanamke yule, akayasema yote: homa, amri, uzi. Alilia kama mtoto.

Sulochana hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye mtambo wake wa kufumia, akatoa nguo iliyokunjwa chini yake. Ilikuwa nyeupe tupu, haina pindo, imelainika kwa kufuliwa mara nyingi.

"Huu ndio uzi wako, shemeji. Wote."

"Wangu? Nani alikwambia?"

"Dibakar alisokota kwa mkono wa kushoto. Uzi wake hujipinda kinyume na wa watu wengine, na mimi nimeufuma miaka kumi na mmoja. Fungu lako la kwanza nililishika tu, nikajua sina mume tena. Tangu siku hiyo usiku navaa hii."

Artatrana alitazama ndizi zile, kisha bangili. "Miaka mitano! Na ukanyamaza?"

"Kama angekuwa hai asingekubali mtu amsokotee. Nawe usingenidanganya bila amri yake, basi nikajua ni yeye aliyetaka nisijue." Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akaweka juu yake mikono yote miwili, bangili zikagonga jiwe. "Wazungu wameondoka kweli, shemeji?"

"Wameondoka."

"Basi funga mlango. Nataka kumlilia mume wangu."