Mwenye Ng'ombe

"Sema tena."

"Ng'ombe ni wangu."

"Kwa sauti! Unamnong'oneza nani? Hakimu ni mzee, masikio yake mazito."

Walikuwa ndani ya pikapu nje ya mahakama, vioo vimefungwa ingawa jua lilikuwa kali. Mwanamume alikuwa mfugaji. Watu walimwita Kifua, kwa jinsi alivyotembea amekitanguliza. Mwanamke alikuwa dada yake. Yeye ndiye aliyewakamua wale ng'ombe, akawaogesha dawa ya kupe na kuwasaidia kuzaa, kwa malipo ya chumba kimoja nyuma ya nyumba na chakula kilichobaki mezani. Ng'ombe hao walikuwa kizazi cha ng'ombe wa baba yao. Mzee alipofariki, Kifua aliwaswaga wote kwake kabla udongo wa kaburi haujakauka. Dada alipouliza fungu lake, aliambiwa fungu lake ni kukamua.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mahindi. Kifua aliona ni ujinga kutengeneza ua ulioanguka wakati ng'ombe wana miguu ya kujitafutia. Wakajitafutia. Kundi zima liliingia shamba la jirani, mwanamke aliyelima peke yake, mahindi ndiyo kwanza yanabeba. Yalibaki mabua na kinyesi. Jirani alipokwenda kulalamika, Kifua alimjibu huku anachokonoa meno: "Ng'ombe hawajui mpaka, mama. Ungewawekea kibao."

Jirani akaenda kushtaki.

Kifua hakushtuka, kwa kuwa alikuwa msomi wa sheria. Usomi huo aliupata katika semina ya wakulima na wafugaji pale ofisi ya kilimo, ambako mwanasheria alifundisha habari za mipaka, mikataba ya kukodi ardhi, haki ya maji na mifugo inayoharibu mazao. Kifua alisinzia kwenye mipaka, akakoroma kwenye maji, akazinduka chai ilipoletwa. Hapo ndipo ikamwingia sentensi moja: anayelipa hasara ni mwenye mifugo. Akaondoka na hiyo hiyo, kama mtu aliyeokota ufunguo akadhani ameshapata na nyumba.

"Wewe huna kitu," alimweleza dada yake, tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Ukiwa wewe ndiye mwenye mifugo, yule mwanamke atakudai nini? Sufuria lako lililotoboka? Ng'ombe wenyewe hawana alama hata mmoja. Nani atabisha?"

"Nilipougua, yeye ndiye aliyeniletea uji," dada alisema.

"Basi nenda kwake akupe na chumba."

Kifua akafungua mlango, akashuka, akavuta suruali juu na kuingia mahakamani kama mtu anayeingia dukani kwake.

Jirani alieleza yaliyompata. Alipofika kwenye mahindi aliomba maji, akanywa, akaendelea. Kifua alikuwa anatazama feni ikizunguka darini. Zamu yake ilipofika aliapa kwa sauti nene, kiganja juu.

"Hao ng'ombe ni wa nani?" hakimu aliuliza.

"Ni wa dada yangu, mheshimiwa. Mimi namsaidia tu mahali pa kuwalaza."

"Wote?"

"Wote! Madume, majike, na ndama wao. Mimi hata kwato sina."

Watu waliokaa nyuma wakaguna. Hakuna aliyekuwa hajawahi kumsikia Kifua akijisifia kundi lake sokoni, tena bila kuulizwa. Hakimu naye alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kitu kilichonata kwenye kiatu, kisha akamwita dada.

Dada akaapa. Mikono yake, iliyopasukapasuka kwa kukamua, aliificha nyuma ya mgongo.

"Mama, umeapa, kwa hiyo usijibu haraka," hakimu alimwambia kwa upole. "Hapa hakuna wa kukufanya lolote. Anayosema kaka yako ni kweli?"

Dada alimtazama jirani. Jirani alimtazama yeye, macho yamemjaa matumaini. Kifua akakohoa, kile kikohozi chake cha kuitia mbwa.

"Ni kweli, mheshimiwa," dada alisema. "Ni wangu. Wote."

Jirani alisonya msonyo mrefu, chumba kizima kikausikia. "Na wewe!" akasema. "Na wewe, shoga yangu!"

Karani akamwambia anyamaze.

Hakimu aliandika, akafuta, akaandika tena. Ilionekana wazi kwamba kazi hiyo haimpendezi. Mwishowe akavua miwani.

"Mahakama haina ushahidi mwingine. Kwa kiapo cha kaka na cha dada, mwenye ng'ombe ni huyu mama. Kaka mtu hahusiki nao kwa lolote, na ninamwondoa katika kesi hii."

"Ahsante sana, mheshimiwa," Kifua alisema, akainama kidogo.

"Lakini hasara ya mahindi lazima ilipwe, na mlipaji ni mwenye mifugo." Hakimu akamgeukia dada, akazitazama ndala zake, moja imeshonwa kwa waya. "Mama, wewe utalipa kwa kitu gani?"

Kifua aliegemea kiti, akanyoosha miguu, akamkonyeza jirani.

"Nitauza wawili, mheshimiwa, jirani yangu apate haki yake," dada alisema. "Hao waliobaki nawahamisha leo hii kutoka kwa kaka, na ninaomba askari mmoja wa kunisindikiza."