Mafungu Kumi kwa Simu

Hivi wewe, ukishusha programu kutoka intaneti, utajuaje kama kweli imetoka kwa aliyeiandika?

Mwaka tisini na nane mjukuu wangu Zakia alishusha moja ya kutunzia majina ya wagonjwa wa zahanati yetu ya Kirumba, hapa Mwanza. Ilikuja na saini, pamoja na ufunguo wa hadharani wa kuihakiki hiyo saini. Lakini tapeli naye angeweza kuweka programu yake mbovu pamoja na ufunguo wake, majina yote yakapotea. Ilibidi mwandishi mwenyewe asome kwa simu alama fupi ya kuutambulisha ufunguo wake, kwa sauti anayoijua Zakia.

Na mwandishi alikuwa mchumba wake, aliyehamia Dar wakiwa wamenuniana.

Tukampigia, simu tukaiweka katikati ya masikio yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Soma polepole, mimi niliishia darasa la nne."

Akasoma mafungu kumi ya herufi na tarakimu, nne nne. Kila fungu lililolingana nikaliwekea alama kwenye karatasi ambayo Zakia alinakili yale ya kwenye kompyuta, kwa penseli niliyoichonga kwa wembe. La kumi nalo likalingana. Zakia akabonyeza, kompyuta ikajibu kwamba saini ni ya kweli.

"Basi, tumemaliza," akasema kijana.

Zakia hakuweka simu chini.

"Bado," akasema. "Rudi Mwanza."