Matete ya Mradi

Augustin alinyoosha mkono kwenye ukingo wa paa la mama mkwe wake, akachomoa bua moja la tete, akalikunja. Halikutoa hata mlio. Lilikatika kama muhogo uliochemshwa, na ndani mlikuwa na mchwa.

"Denise," aliita kwa sauti ya chini. "Umuambie mama atoke. Na wewe utoke, na mutoto."

Aliongea na mke wake kwa sababu kwa mama mkwe hakuwa na ruhusa ya kusema neno. Kwao, mkwe hasemi moja kwa moja na mama wa mkewe, wala havuki mlango wake. Denise alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, kama inavyopasa kwa mtoto wa kwanza. Mtoto alikuwa na siku tisa, na baba yake alikuwa amempakata mara mbili tu, uani.

Juu ya ziwa mawingu yalikuwa yamerundikana tangu mchana. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na Augustin aliiogopa waziwazi, bila haya. Jana upepo mtupu, bila tone la maji, ulimwangushia jirani yao Anatole paa zima pamoja na fito zake za matete, ukamvunja bega. Augustin alikwenda kuyatazama mabua yale. Yaligeuka unga mkononi mwake.

Tena aliyajua, maana yeye ndiye aliyeyalima. Miaka minne alifanya kazi kwenye shamba la mradi, kando ya mto Lukuga, ambako wataalamu walitaka kupata mafuta ya magari kutoka kwenye majani. Walimfundisha kwamba sukari imo ndani ya bua, ila imefungwa na kitu kiitwacho lignini, kitu kile kile kinachofanya bua lisimame na lisioze upesi. Basi wakazibadili chembe za urithi za mmea, wakapunguza lignini. Matete yakawa laini, na mapipa ya kuvundikia yakayamaliza kwa siku chache. Hakuna aliyeuliza ni nani mwingine angeyapenda.

Mradi ulipofungwa mwezi wa sita, amri ilikuwa moja: choma yote. Augustin hakuchoma. Roho ilikataa kuteketeza majani mazuri namna ile wakati watu waliokimbia vita kule Nyunzu walikuwa wanalala chini ya turubai zilizotoboka. Akafungua geti. Watu walikuja siku mbili mfululizo. Walikuja waliotaka mabua marefu ya paa, wakaja waliotaka ya uzio, hata wamama wenye matope mpaka magotini, wakazoa vipande vya chini, takataka tupu, wakajaza mabeseni. Walimwombea baraka, naye akajiona mtu wa maana. Siku mbili nzima alijiona mtu wa maana.

Denise alirudi mlangoni. "Mama anasema hatoki. Anasema nyumba njo yake, na majani ikimuangukia atajipangusa."

Ngurumo ilipita juu ya kilima. Augustin alivua viatu, akavuka mlango.

Mama mkwe alipiga ukelele, akajifunika uso kwa kitenge. "Aibu gani hii! Denise, bwana yako amerogwa?"

"Mama, utanitoza mbuzi," alisema Augustin, akitazama chini, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. "Utanitoza hata mbili. Lakini leo tunatoka."

Akambeba mtoto, akatoka, na wale wanawake wawili hawakuwa na la kufanya ila kumfuata, mmoja analia na mwingine anatukana. Njiani aligonga kila nyumba iliyoezekwa kwa matete ya mradi. Waliomcheka aliwavunjia bua mbele ya macho yao, wakaacha kucheka. Walipofika chini ya kilima walikuwa watu kama arobaini.

Papa Josias, mhubiri wa mtaa, aliwafungulia kanisa. Lilikuwa jipya, waumini wamelijenga wenyewe kiangazi kile kile: mabati yanang'aa, mbao nzito juu, kuta nene zilizopakwa chokaa. Augustin aliinua macho, akakagua mbao moja moja. Hapakuwa na tete hata moja. Mabenchi hayakutosha, kwa hiyo aliwaketisha wenye watoto wachanga chini, migongo kwenye ukuta wa nyuma, mbali na baridi ya mlangoni. Denise alijiegemeza hapo, akampa mtoto ziwa. Hata mama mkwe alifunua jicho moja.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika, na mabati yakapiga kelele mpaka watu wakawa wanasemezana sikioni. Kule juu kilimani paa la kwanza lilibonyea, kisha la pili. Hapakuwa na mtu chini yake. Augustin alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

"Papa Josias, Mungu awabariki," alisema. "Bila hii kanisa, leo tungezika watu."

"Wewe njo wa kubarikiwa!" Papa Josias alipaza sauti, akaupiga ukuta kofi la upendo. "Tulipiga matofali ya udongo mutupu, yote ikapasuka kwa jua. Wamama wakasema, twende kwa Augustin. Vipande vya matete vile ulitupatia, tuliikanyaga ndani ya udongo, beseni kwa beseni. Kuta zote nne."

Nyuma ya Denise, chokaa ilikuwa imelowa mpaka usawa wa mabega yake, na ukuta ulikuwa umeanza kutoa tumbo.